Mkanda wa Bega la Mke Wangu

Kabla sijafika kwenye bega niseme kidogo juu yangu, maana bila hivyo hamtajua kosa lilitokea wapi. Hapa Garissa nimejulikana miaka mingi kama mtu wa Kiswahili. Shule sikuingia. Nilipita madrasa, na nilipokuwa mtu mzima nikasoma miezi michache ya ngumbaru, ndiyo maana leo naweza kuandika haya, polepole, ulimi ukiwa nje. Kiswahili chenyewe nilikipata juu ya lori. Nilikuwa utingo, Nairobi mpaka Mandera na kurudi, miaka kumi na kitu. Ukikaa siku nne na dereva Mkamba, magurudumu yamezama kwenye matope na mbuzi wa watu wanalia huko nyuma, utajifunza Kiswahili utake usitake, ingawa maneno ya kwanza hayatakuwa ya heshima.

Kwa hiyo mtaani kwetu akija afisa kutoka bara, mimi ndiye ninayeitwa. Nimetafsiri chanjo za ng'ombe, nimetafsiri ugomvi wa kisima. Nimetafsiri hata talaka moja, na wale watu wakarudiana, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu nilitafsiri vizuri au nilitafsiri vibaya.

Mke wangu hana Kiswahili. Ana maneno matatu: "kuja," "toka," na "ghali." Anasema hayo yanamtosha sokoni, na kweli yamemtosha. Yeye ni mtu wa upande wa Kotile, na watu wa huko hawapotezi maneno.

Sasa bega. Asubuhi moja alikuwa anamimina chai, na chupa ya chai ikamtoka mkononi. Nikamwambia, "Islaan, umeamka vibaya leo?" Islaan ni mama mzee wa heshima, ndivyo ninavyomwita. Akanijibu kitu ambacho si Kisomali wala si lugha yoyote. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk ya jirani, na huko wakasema ni kiharusi, lakini kidogo, tumshukuru Mungu. Nilimshukuru Mungu, walaahi.

Mdomo ulirudi wa kwanza. Siku ya tatu tayari alikuwa akimwambia muuguzi kwamba uji wao ni maji ya kuoshea sufuria. Mimi nikatafsiri, "Anasema asante, uji ni mwepesi tumboni." Halafu mguu ukarudi. Halafu vidole, kimoja kimoja. Bega la kulia ndilo lililokataa. Lilining'inia tu. Pale juu, chini ya ule mfupa wa mwisho, palikuwa na shimo, ukiweka kidole kinaingia, kwa sababu mkono wote ulikuwa unavuta kwenda chini kwa uzito wake na hakuna cha kuushika.

Na bega hilo lilikuwa na kazi inayolisubiri. Mjukuu wetu alikuwa ameposwa. Huyu mjukuu tulimlea sisi, mama yake, binti yetu, alitutoka mtoto akiwa hajaanza kutembea. Leo ni msichana wa ofisi, anaandika kwa kompyuta, anaongea na wenzake ile Sheng ya Nairobi ambayo hata mimi mtu wa Kiswahili naachwa nyuma. Lakini kwa ukoo wa mke wangu harusi ni aqal. Hata kama watu watahamia nyumba ya mawe yenye choo cha ndani, siku saba za kwanza wanakaa kwenye aqal, ile nyumba ya duara ya fito zilizokunjwa na mikeka. Wanawake ndio wanaoijenga, na pale juu fito zote zinapokutana, fundo la kwanza linafungwa na mama wa bibi harusi. Kwa mkono wa kulia juu ya kichwa, amesimama katikati. Akiwa hayupo mama, ni nyanya. Na nyanya ndiye huyu mwenye bega la kuning'inia.

Msichana alimwambia, "Ayeyo, nyanya yangu, usijiumize bure. Siku hizi tunakodi tenti na mapambo, inakaa fiti kabisa."

Mke wangu akaniuliza, "Fiti ni nini?"

Nikasema, "Anasema itakuwa nzuri."

"Mwambie tenti ni ya wakimbizi na ya wanasiasa."

Msichana anasikia Kisomali vizuri kama sisi, sikuhitaji kumwambia chochote. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi nilimwona mke wangu usoni. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama mtu anayebeba mtoto wa mwingine. Na jambo jingine lililomuuma ni kwamba mke wa ndugu yangu, aliyetoka Bute na ana mikono mirefu, alikuwa ameshasema mara mbili kwamba yeye yuko tayari kulifunga fundo hilo. Alisema kwa wema. Mke wangu hakulisikia kama wema.

Tukarudi hospitali, chumba cha daktari wa viungo. Ni binti wa bara, mpole, ana mwanya. Harusi ilikuwa imebaki miezi mitatu. Nikamweleza yote, habari ya fundo, mpaka habari ya mikono ya mke wa ndugu yangu. Akasikiliza. Akafungua kabati akatoa mkanda. Mkanda wenyewe ni wa kitambaa kizito cha bluu, una kikombe kinachoshika mkono juu ya kiwiko, na mshipi unaopita mgongoni mpaka chini ya kwapa la upande wa pili, na mwisho wake unajishika kwa ile nguo ya miiba midogo inayolia trrr ukiibandua. Akamvalisha. Lile shimo begani likafunga pale pale. Mke wangu akavuta pumzi, akatabasamu, akaniambia, "Oday, wamenitia koore." Koore ni tandiko la ngamia. Na oday ni mzee, ndiye mimi.

Halafu binti akaniangalia mimi, maana mimi ndiye mdomo, akasema polepole, "Mzee, sikiliza vizuri. Huu mkanda auvue kila siku, asubuhi na jioni. Akishauvua, mkono ufanye kazi. Hivi." Akachukua taulo ndogo akaiweka juu ya meza, akaweka mkono wa mke wangu juu yake, akausukuma mbele na kuurudisha nyuma, mbele na nyuma, taratibu, bila nguvu. "Mara kumi na tano. Usisahau, mzee. Bila hivyo bega litakaza."

Nikasema, "Haye, binti yangu. Nimeelewa kabisa."

Nikageuka nikamwambia mke wangu kwa Kisomali, na kila neno nalikumbuka: "Anasema mkanda huu lazima uoshwe kila siku, mara mbili. Ukioshwa hivyo, mkono utafanya kazi. Na amekuonyesha namna ya kuusugua, mbele na nyuma, usisugue kwa nguvu usije ukachanika. Mara kumi na tano."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la akili. Uchafu ni ugonjwa, hilo hata watoto wa madrasa wanajua.

Sasa, tatizo. Mkanda ukiufua unalowa, na ukilowa hauvaliki, na mimi nilikuwa nimeshaona lile shimo linavyofunga, sikutaka bega likae wazi hata dakika. Nikafikiri kama mtu wa lori: gari halitembei bila tairi ya akiba. Nikaupeleka mkanda sokoni kwa fundi cherehani mmoja, mzee mwenzangu, nikasimama pale akiupima kwa kamba. Akaniuliza, "Hii ni ya punda?" Nikamwambia ni ya mke wangu. Akaniomba msamaha mara tatu, akashona mwingine kwa turubai la mkoba wa shule uliochakaa, mwekundu, na kikombe chake akakiwekea sponji ya godoro. Ulitoka mzuri kuliko wa hospitali, na kule kwa daktari nimewahi kulisema hilo, wakacheka.

Basi nikawa na mikanda miwili, na kazi ikaanza. Kila asubuhi baada ya chai nabandua trrr wa bluu, navalisha trrr mwekundu, haraka, sifikishi hata muda wa kuhesabu kumi. Utingo habadilishi tairi hivyo. Halafu naweka meza uani, naweka mkanda juu yake, sabuni ya kipande, na nasugua. Mbele na nyuma. Mara kumi na tano. Jioni vile vile. Mke wangu anakaa kwenye kigoda anahesabu, na nikifika kumi na nne nikaacha, anasema, "Moja bado."

Mimi sijawahi kufua nguo maishani, nasema ukweli. Kwenye lori tulikuwa tunavaa mpaka nguo inasimama yenyewe. Kwetu mwanamume akionekana na povu mkononi, watu wanauliza kuna msiba gani. Wanawake wa majirani walikuwa wanakuja kuchungulia juu ya ua. Mmoja akamwambia mke wangu, "Abaayo, dada, huyu umempa dawa gani? Nami nipe nimtilie wangu." Mke wangu akamjibu, "Pooza mkono wako wa kulia. Hakuna dawa nyingine." Mimi najifanya sisikii, nasugua. Lakini nitawaambia, zilikuwa siku nzuri. Tulikaa pale uani kuliko tulivyowahi kukaa pamoja. Zamani nilikuwa njiani, yeye alikuwa na mifugo na watoto, tunakutana kama watu wa kituo cha basi. Sasa nilikuwa namlisha mkate wa asubuhi, navunja, natia kwenye chai, naye analalamika kwamba nauacha unalowa sana. Kila siku nilimwambia hauongezeki kulowa. Kila siku akasema unaongezeka.

Wiki sita zikapita hivyo. Mkanda wa bluu ulikuwa umekuwa mweupe kama kanzu. Bega halikuwa linashuka tena. Lakini pia halikuwa linapanda. Mke wangu alijaribu siku moja kuchukua kopo kwenye rafu, si rafu ya juu, ya katikati, na mkono ukasimama usawa wa kitovu kama mlango uliofungwa kwa ndani. Akachukua kopo kwa mkono wa kushoto. Jioni hiyo aliniambia nisugue mara ishirini.

Siku ya kurudi kwa daktari ikafika. Binti akampokea vizuri, akashika mkono, akajaribu kuuinua, akaacha kutabasamu. Akaniuliza, "Mzee, mnauvua mkanda kweli?"

"Kila siku, binti yangu. Asubuhi na jioni. Sijakosa hata siku moja, hata siku ya Ijumaa."

"Na mnafanya ile ya taulo?"

"Mara kumi na tano. Sasa ishirini."

Akakunja uso. Akaushika mkanda, akaugeuza. "Mbona umepauka hivi? Umekaa juani?"

"Ni sabuni," nikasema, na nilisema kwa kujivuna. "Ya kipande. Ile ya unga inakula kitambaa."

"Sabuni ya nini, mzee?"

"Ya kufua! Si ulisema tufue?"

Binti aliniangalia mimi, akamwangalia mke wangu, akaangalia mkanda mweupe. Halafu akaweka mkono juu ya mdomo, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikafikiri analia. Hakuwa analia. Alipopata pumzi akavua koti lake jeupe akalitundika msumarini. "Hii, mzee, ni kuvua. Vvvua. Kama nyuki." Akaenda kwenye bomba akasugua taulo chini ya maji. "Na hii ni kufua. Fffua. Kama unapuliza chai."

Sisi Wasomali, kwenye masikio yetu maneno hayo mawili ni ndugu mapacha, tena wamevaa kanzu moja. Wewe unatuambia vua, sisi tunasikia fua, na tukirudisha tunasema fua. Vile vile na basi na pasi. Mwalimu mmoja jirani, mke wake aliwahi kuniuliza kama nimeona pasi yake, nikamwambia imeshaondoka, imejaa, ajaribu kesho. Nilicheka miaka kwa hilo. Siku hiyo kwa daktari sikucheka. Wiki sita! Wiki sita bega la mke wangu limefungwa halijafunguliwa, kwa sababu ya mtu wa Kiswahili.

"Anasema nini?" mke wangu akauliza. "Mbona amevua koti?"

Ningeweza kutafsiri kama nilivyotafsiri uji. Nitasema ukweli, wazo lilinipita. Lakini nikamwambia yote, kwamba daktari alisema avue, atumie mkono bila mkanda, na kwamba mimi nilisikia vingine. Kwamba bega limekaza, na kosa si la daktari wala la ugonjwa.

Tulipanda tuktuk, tukafika nyumbani, nikamshusha, akaingia ndani. Alikaa muda mrefu. Halafu nikasikia sauti kutoka chumbani: "Oday. Ile talaka uliyotafsiri. Wale watu walitaka kuachana au hawakutaka?"

Nikasema, "Sijui tena."

Nikasikia anacheka, na nilivyomsikia anacheka nikakaa kizingitini.

Zilibaki wiki saba. Meza ikabaki uani lakini safari hii mkono ulikuwa wake, juu ya taulo, mkanda umevuliwa, mbele na nyuma. Ilimuuma. Aliita majina ya babu zangu mmoja mmoja mpaka nikagundua anawajua kuliko mimi. Daktari alimwonyesha pia kupandisha vidole ukutani, kama buibui, na mimi kila Jumatatu naweka alama ya mkaa pale vidole vilipofika. Alama ya kwanza ilikuwa kwenye kitovu. Ya pili kifuani. Kidevuni alikaa wiki mbili, akagoma kula siku moja kwa hasira. Kumaliza tu mazoezi, navalisha mkanda, bega lipumzike. Usifikiri mkanda ulikuwa wa kutupwa. Daktari alisema bega dhaifu ni kama mlango wenye bawaba moja, usiuache unacheza siku nzima, wala usiufunge moja kwa moja.

Alama ya mwisho, Jumatatu ya wiki ya harusi, ilikuwa kwenye paji la uso. Siyo juu ya kichwa. Paji la uso. Tukaiangalia wote wawili. Nikamwambia, "Islaan, umefika mbali." Akasema, "Sijafika." Mke wa ndugu yangu alikuwa ameshakuja na mikono yake, ameshaanza kulowesha kamba.

Siku ya kujenga, wanaume hatusogei. Nilikaa nje ya ua na wazee wenzangu, lakini nilichagua mahali penye tundu. Fito zilikuwa zimechimbiwa kwa duara, wanawake kama kumi na wawili, kelele, vigelegele, mmoja anaimba vibaya. Wakaanza kuzikunja fito zikutane juu, pale penye urefu wa kawaida. Mke wangu akasimama katikati na mkanda wake mwekundu. Akaangalia juu. Akainua mkono, ukafika pale kwenye paji la uso, ukasimama. Kelele zikapungua. Mke wa ndugu yangu akasogea hatua moja, amenyoosha mkono.

"Naa, ondoa mkono wako," mke wangu akasema. "Zikunjeni zaidi."

"Zaidi wapi, dada? Zitakuwa chini."

"Ziwe chini."

"Bwana harusi ni mrefu! Ni mrefu kama mlingoti, umemwona!"

"Nimemwona. Ana kiuno, kitapinda. Zikunjeni."

Wakabishana. Mmoja akasema haijawahi kuonekana aqal kama hiyo, mwingine akasema fito zitavunjika. Moja ilivunjika kweli. Lakini zilikuwa zimeloweshwa vizuri, zikakubali, zikashuka mpaka zikafika kichwani kwake, kisha kwenye paji la uso wake. Akabandua mkanda, trrr, akauweka begani kwa mjukuu. Akachukua kamba. Aliizungusha mara ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikashika. Alikuwa anafunga kwa vidole vya kulia na mkono wa kushoto unashika kiwiko kwa chini, na hakuna aliyemgusa. Wazee wenzangu walikuwa wananiongelesha habari ya bei ya ngamia na mimi najibu, sijui nilijibu nini. Fundo lilichukua muda wa kuchemsha chai. Vigelegele vilipotoka ndipo nikajua nilikuwa nimeshika miiba ya ua kwa kiganja.

Mikeka ikapangwa. Ilitoka nyumba fupi, nene, kama kuku anayeatamia. Watoto waliipenda sana.

Alasiri bwana harusi akaletwa na wenzake, amevaa suti, mrefu kweli. Alifika mlangoni akasimama. Akaangalia ile nyumba, akamwangalia mjukuu wetu, naye akamwambia kwa ile Sheng yao kitu ambacho sikukishika. Kijana akavua viatu. Akainama, akainama tena, mpaka koti la suti likapanda mgongoni, akaingia kwa magoti.

Mke wangu alikuwa amekaa kivulini ndani ya chumba chetu, amechoka, hawezi hata kunyanyua kikombe. Nilikuwa namvalisha mkanda. Akauliza, "Ameingia?"

"Ameingia."

"Ameinama?"

"Ameinama mpaka chini."

"Vizuri," akasema, akafumba macho. "Azoee."